Uanzie wapi kuwaelewa Lincoln, Davis, Grant na Lee: filamu, darasa la bure, kitabu au uwanja wa vita?

Anayetaka kuvielewa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, hakosi mwalimu. Shida yake ni kuchagua. Wanahistoria wa kule hawakujifungia vyuoni. Wako kwenye televisheni, kwenye mihadhara ya bure mtandaoni, kwenye vilabu ambako wastaafu hukutana kila mwezi kubishana juu ya jenerali aliyechelewa kushambulia, na kwenye mashamba ya Pennsylvania ambako damu yenyewe ilimwagika. Wote wanawazungumzia watu walewale: upande wa siasa, Abraham Lincoln, rais wa Kaskazini, na Jefferson Davis, rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga; upande wa jeshi, Ulysses Grant, jenerali wa Kaskazini, na Robert Lee wa Kusini. Ila ukimsikiliza mmoja tu, unaweza kuondoka na Lee ambaye jirani yako aliyemsikiliza mwingine hamjui kabisa.

Nalinganisha njia nne, na sitajifanya sina upande. Kipimo changu ni kimoja: huyu anayezungumza anamweka jenerali pamoja na siasa iliyomtuma vitani, au anamtoa humo na kumsimamisha peke yake juu ya farasi?

Chukua mwaka 1864. Mwezi Mei Grant aliingia Virginia kumkabili Lee, na katika wiki chache akapoteza maelfu kwa maelfu ya askari. Pale Cold Harbor, Juni 3, shambulio lake lilivunjwa asubuhi ileile. Ukiishia hapo, Grant ni mchinjaji, na ndivyo wapinzani wake walivyomwita. Sasa ongeza siasa. Novemba kulikuwa na uchaguzi. Agosti 23 Lincoln, akiamini kwamba atashindwa, aliandika waraka mfupi na kuwataka mawaziri wake watie saini bila kuusoma. Humo aliahidi kushirikiana na rais mteule kuuokoa Muungano kabla ya makabidhiano. Mpinzani wake alikuwa George McClellan, jenerali ambaye Lincoln mwenyewe alimwondoa Novemba 1862 kwa kusitasita kwake. Lee naye hakulazimika kuliangamiza jeshi la Kaskazini. Ilitosha wapiga kura wachoke. Kisha Septemba 2 jeshi la Kaskazini la William Sherman likauteka Atlanta, mji wa Kusini ambao Davis alikuwa ameubadilishia mlinzi mwezi Julai kwa kumwondoa Joseph Johnston na kumweka John Hood. Upepo ukageuka. Lincoln akapata kura 212 za wajumbe, McClellan 21. Jaribu kuigawa hadithi hiyo, hili la kijeshi na lile la kisiasa, uone kama kuna kitakachobaki kinaeleweka.

Filamu: tamu, lakini isiwe ya kwanza

Ukimuuliza Mmarekani wa makamo aanzie wapi, wengi watakutajia filamu ya makala ya Ken Burns iliyorushwa na televisheni ya umma ya PBS Septemba 1990. Ina sehemu tisa, zaidi ya saa kumi na moja kwa jumla, na ilionyeshwa kwa siku tano mfululizo. Watu takriban milioni 40 waliitazama, angalau kwa sehemu. Hakuna mwanahistoria aliyewahi kupata darasa kubwa kiasi hicho kwa wiki moja.

Nguvu yake haina ubishi. Picha za mnato za wakati ule zinasogezwa polepole mbele ya macho yako, barua za askari zinasomwa kwa sauti, na suala la utumwa halifichwi. Tatizo langu liko kwa wazungumzaji. Anayetawala filamu nzima ni Shelby Foote, mtu wa Mississippi, mwandishi wa riwaya aliyetumia miaka ishirini kuandika juzuu tatu za vita hivi. Ana lafudhi ya kubembeleza na anasimulia kana kwamba alikuwepo. Barbara Fields, mwanahistoria Mweusi wa Chuo Kikuu cha Columbia, anaonekana mara chache sana ukimlinganisha naye. Lakini Fields ndiye anayebeba mzigo wa hoja: kwamba watumwa wenyewe, kwa kutoroka na kukimbilia kwenye kambi za jeshi la Kaskazini, waliwalazimisha wanasiasa na majenerali kulikabili jambo ambalo walitaka kulikwepa.

Mfano wa Foote unaonikera ni huu. Anasema vita hivyo vilizaa watu wawili wenye kipaji cha pekee, Lincoln na Nathan Bedford Forrest. Kwamba Forrest alikuwa hodari wa kuongoza askari wa farasi, sawa, hata maadui zake walikiri. Lakini kabla ya vita alikuwa mfanyabiashara wa watumwa huko Memphis. Aprili 1864 askari wake waliwaua askari Weusi waliokuwa wakijisalimisha pale Fort Pillow. Na baada ya vita akawa kiongozi wa kwanza mkuu wa Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililowatisha Weusi. Mtazamaji anayemsikiliza Foote akiwa na kikombe cha chai mkononi anaweza kuyapokea maneno yale kama sifa tupu ya ushujaa. Hapo ndipo jenerali anapotolewa kwenye siasa na kuachwa juu ya farasi.

Wanahistoria kadhaa waliikosoa filamu hiyo kwa jambo jingine pia. Inamalizia kwa wazee wa pande mbili wakikutana tena Gettysburg, Pennsylvania, mahali pa pigano kubwa la Julai 1863, na kushikana mikono, huku miaka ya baada ya vita, ambapo Weusi walipata haki ya kupiga kura kisha wakanyang'anywa, ikipitiwa mbiombio. Itazame, lakini baada ya kupata msingi mahali pengine. Ukiwa na msingi utaifurahia zaidi, maana utajua lini unapewa historia na lini unapewa utamu.

Darasa la bure, na lile la kulipia

Mwanahistoria David Blight wa Chuo Kikuu cha Yale alirekodiwa akifundisha kozi yake mwaka 2008, mihadhara 27, kila mmoja chini kidogo ya saa moja, na chuo kikaiweka mtandaoni bure pamoja na maandishi yake yote. Kwa msomaji wa Dodoma au Kisumu anayebana bando, hayo maandishi ni neema: unasoma mhadhara mzima kwa data ndogo kuliko ya picha chache za WhatsApp, na Kiingereza kigumu unakirudia taratibu bila kumsimamisha mtu.

Blight hana haraka. Vita havianzi mpaka mihadhara kumi na ushee imepita, kwa sababu anataka kwanza uelewe uchumi wa pamba, soko la watumwa, na jinsi vyama vya siasa vilivyovunjika miaka ya 1850. Aliyekuja kutafuta mizinga atapiga miayo. Lakini risasi ya kwanza ikilia Fort Sumter, Aprili 12, 1861, unajua vizuri nani amekasirika na kwa nini. Na mwishoni anakupa kitu ambacho filamu haikupi: namna viongozi wa vita walivyotengenezwa upya baada ya vita, hasa Lee, aliyegeuzwa karibu mtakatifu na watu waliokuwa na haja ya kusema kwamba walishindwa kwa wingi wa adui tu, si kwa ubaya wa walichokipigania.

Mpinzani wake wa haki, kwa maana ya ushindani wa darasa, ni Gary Gallagher, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Virginia. Yeye ana mihadhara 48 ya nusu saa, ya kulipia. Gallagher ni mtu wa medani. Anakupitisha kampeni moja baada ya nyingine, nani alikuwa na askari wangapi, reli ipi ilikatwa. Ila usimdhanie ni mwalimu wa ramani tu. Hoja yake ni kwamba habari za uwanjani ndizo zilizoamua watu wa nyumbani wanafikiri nini. Kwa raia wa Kusini, kadiri jeshi la Lee lilivyoendelea kusimama ndivyo taifa lao lilivyoendelea kuwepo. Lee alikuwa na uzito kwao kuliko Davis. Na anasisitiza kwamba wengi wa askari wa Kaskazini waliingia vitani kuulinda Muungano kwanza, kukomesha utumwa kukaja njiani kama silaha ya kuulinda. Wenzake kadhaa wanaona hapo anawapunguzia uzito watumwa na wapinga utumwa. Mtanzania aliyekua akisikia neno Muungano kwenye kila hotuba ataielewa hoja ya Gallagher haraka kuliko kijana wa Marekani wa leo, ambaye Muungano kwake ni kitu kilichopo tu kama hewa.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hao wawili, nachagua Blight kwa anayeanza na Gallagher kwa anayeendelea. Bei peke yake si sababu. Anayeanza na Gallagher anaweza kuzama kwenye kampeni kabla hajajua zinapiganiwa nini.

Kuna kitu cha kati ambacho watu hukisahau. Televisheni ya C-SPAN hurekodi mihadhara ya historia, ikiwemo ile ya kongamano la kila mwaka la Gettysburg College, na kuiweka mtandaoni bila malipo. Ruka hotuba ukitaka, nenda moja kwa moja kwenye maswali. Hapo ndipo unamwona mwanahistoria akifanya kazi na umma bila karatasi mkononi.

Maswali ni yaleyale miaka yote. La kwanza: kama Stonewall Jackson asingekufa Mei 1863, baada ya kupigwa risasi na askari wake mwenyewe gizani pale Chancellorsville, Lee si angeshinda Gettysburg? Mwanahistoria dhaifu huingia kwenye mchezo na kuanza kuhamisha vikosi. Aliye bora humuuliza mwulizaji: ushindi mmoja zaidi ungeibadilisha vipi hali ya Davis, ambaye wakati uleule alikuwa anaupoteza mto Mississippi? La pili: si vita vilikuwa vya haki za majimbo? Hapa aliye bora habishani, anasoma. Anafungua hotuba ya Alexander Stephens, makamu wa Davis, aliyoitoa Savannah Machi 21, 1861, ambamo anatamka bila kificho kwamba msingi wa serikali yao mpya ni kwamba Mweusi si sawa na Mzungu. Ukumbi hunyamaza, si kwa sababu profesa kashinda, bali kwa sababu aliyezungumza ni kiongozi wa Kusini mwenyewe.

La tatu ndilo linalowatega wengi: Lee aliuchukia utumwa na Grant alimiliki mtumwa, au vipi? Jibu la haraka, la upande wowote, ni jibu baya. Ni kweli Grant alikuwa na mtumwa mmoja, William Jones, akamwacha huru mwaka 1859, wakati ambapo yeye mwenyewe alikuwa amebanwa na umaskini na angeweza kumuuza. Ni kweli pia Lee aliandika mwaka 1856 kwamba utumwa ni uovu. Lakini barua hiyohiyo inasema unawaumiza Wazungu zaidi na kwamba Weusi wanauhitaji kwa mafunzo yao. Na Wesley Norris, aliyetoroka kutoka shamba lililokuwa chini ya usimamizi wa Lee, alieleza baada ya vita jinsi alivyokamatwa na kuchapwa viboko. Mzungumzaji anayeyaweka yote mezani bila kupaza sauti, mwamini hata kwa mengine.

Kitabu kimoja, kama utasoma kimoja

Hapa sina mashaka. Kitabu cha James McPherson cha mwaka 1988, kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, kina zaidi ya kurasa 800 na bado ndicho kinachofaulu kipimo changu kwa alama za juu. Sababu ni ya ufundi. McPherson hakutenga sura za siasa na sura za mapigano. Anakwenda kwa mfuatano wa matukio, hivyo ukurasa huu uko Bungeni na unaofuata uko kwenye matope ya Virginia. Unaona Lincoln, ambaye ujuzi wake wote wa jeshi ulikuwa majuma machache ya mgambo mwaka 1832, akiazima vitabu vya mbinu za kivita maktabani na kujifunza kazi ya amiri jeshi mkuu akiwa ndani yake. Unaona Davis, mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point na waziri wa vita wa zamani, akijua mengi kuliko Lincoln na bado akigombana na nusu ya majenerali wake. McPherson anashikilia pia kwamba hakuna kilichokuwa kimeandikwa tangu mwanzo: kulikuwa na nyakati kadhaa ambapo mambo yangeweza kwenda vingine, ikiwemo ile Agosti ya 1864.

Humo pia utaikuta kamari ya pamba. Wakuu wa Kusini waliamini kwamba wakizuia pamba, viwanda vya Uingereza vitalia na London italazimika kuwatambua. Haikutokea. (Dhiki ya pamba ilifika hata kwetu: merikani iliyokuwa ikiletwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts iliadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikajipenyeza.)

Ukitaka kumsikia kiongozi mwenyewe, kumbukumbu za Grant ni bure kisheria na zipo kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Aliziandika mwaka 1884 na 1885 akifa kwa saratani ya koo, akiwa amefilisika, na kampuni ya uchapishaji ya Mark Twain ikaziuza kwa wingi ulioiokoa familia yake. Nathari yake ni nyepesi na safi. Anakiri kwamba Lee alipojisalimisha Aprili 9, 1865 alimhurumia adui aliyepigana kishujaa, halafu hapohapo anasema jambo walilolipigania lilikuwa miongoni mwa mabaya kabisa. Lakini kumbuka anajitetea. Namna alivyoshtukizwa pale Shiloh, Aprili 1862, anaipitisha kirahisi mno.

Wasifu wa Lee wa Douglas Southall Freeman, juzuu nne za miaka ya 1930, uache mpaka utakapokuwa umeshiba mengine. Kazi ya utafiti ni kubwa, lakini mwandishi alimpenda mno mtu wake.

Uwanja wenyewe

Hii ni kwa walioko Marekani, na hasa ndugu zetu walioko Pennsylvania, Maryland na Virginia, ambao wanaweza kwenda Gettysburg na kurudi siku hiyohiyo. Kuingia hifadhi hakulipiwi. Makumbusho ndiyo yana tiketi. Askari wa hifadhi hutoa maelezo ya bure katika msimu, na kuna waongozaji wenye leseni, mfumo uliopo tangu 1915, ambao hufanya mtihani mgumu kabla ya kuruhusiwa. Unamlipa, anakaa kwenye usukani wa gari lako mwenyewe, na kwa saa mbili anakuzungusha.

Kuna jambo ambalo mguu tu ndio unaoweza kulifundisha. Simama pale zilipo sanamu za Virginia, Lee akiwa juu kabisa, tazama mbele kwenye uwanda wa wazi wa zaidi ya kilomita moja, kisha uvuke. Askari wapatao 12,500 waliuvuka Julai 3, 1863 chini ya mizinga, na zaidi ya nusu yao waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Ukifika upande wa pili huna tena hamu ya kuambiwa Lee hakukosea kamwe. Hesabu ya siku tatu, pande zote mbili, ni takriban watu 51,000 waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea.

Udhaifu wake ni kwamba uwanja unakufungia ndani ya siku tatu. Davis hayupo. Lincoln anatokea Novemba na hotuba yake fupi. Na wakati Lee anajiandaa kurudi nyuma Julai 4, Grant alikuwa anapokea mji wa Vicksburg na karibu askari 30,000 waliojisalimisha, huko mbali Mississippi. Ushindi huo kwa hesabu ya vita haukuwa mdogo kuliko ule wa Gettysburg, lakini huwezi kuuona kutoka hapo.

Wasimulizi wa viwanjani wenyewe wamebadilika. Kwa miongo mingi maelezo yalikuwa ya mbinu za mapigano tu: kikosi hiki kushoto, kile kulia. Ni katika bajeti ya mwaka 2000 ndipo Bunge la Marekani lilipoiagiza idara ya hifadhi ieleze pia, kwenye viwanja hivyo, nafasi ya utumwa katika kusababisha vita. Baadhi ya wapenzi wa majenerali walilalamika kwamba siasa inaingizwa. Ilikuwepo siku zote. Ni masimulizi yaliyoitoa.

Kama unataka ushahidi, mtafute James Longstreet. Alikuwa mkono wa kulia wa Lee, na hakukubaliana na shambulio la Julai 3. Baada ya vita alijiunga na chama cha Lincoln, na mwaka 1874 aliongoza polisi na mgambo, Weusi wakiwemo, kuwakabili Wazungu wenye silaha mitaani New Orleans. Jubal Early, jenerali mwingine wa zamani wa Kusini, na wenzake wakamfanya yeye ndiye sababu ya kushindwa Gettysburg, kwa madai kwamba alipuuza amri ya kushambulia alfajiri. Lee alikuwa amekwisha kufa mwaka 1870, hakuwepo wa kuulizwa. Sanamu ya Virginia yenye Lee ilisimamishwa mwaka 1917. Ya Longstreet ilisubiri mpaka 1998, nayo haina jukwaa, farasi amesimama chini kwenye majani. Mwulize mwongozaji wako kwa nini kabla hujamkabidhi funguo za gari. Akikujibu kwa habari za vikosi na saa za mashambulizi peke yake, omba mwingine.

Basi nani achukue lipi

Mwalimu wa sekondari au mwanafunzi wa chuo asiye na fedha: maandishi ya Blight, kisha kumbukumbu za Grant, yote bure. Msomaji mwenye miezi miwili na Kiingereza kizuri: McPherson, na Gallagher baadaye kama medani itamnogea. Aliye karibu na Gettysburg asiende mikono mitupu. Asome kwanza japo sura za McPherson za 1863. Filamu ya Burns iwe ya familia jioni, na Foote akianza kumsifu Forrest, bonyeza kitufe cha kusimamisha uwaeleze watoto Fort Pillow ni nini.